Chupa Iliyotoka Toronto



Jambo ninaloliandika leo ni la msalani, na sisi watu wa pwani tumelelewa kwamba ya msalani huachwa msalani. Nimelisitiri kwa muda wa miaka miwili. Lau lingekuwa langu peke yangu ningeendelea kulisitiri, lakini alidhurika mtu mwingine kwa ushauri wangu, tena mwenye mimba, na kila ninapowasikia wanawake wakinong’onezana ushauri ule ule baada ya darsa, naona kunyamaza kwangu ni sawa na kuutoa tena.

Nilizaliwa Kibokoni, Mombasa, na ndoa ikanileta Baba Dogo, upande wa mashariki wa Nairobi. Baba Dogo ni mtaa wa viwanda na nyumba za kupanga zilizobanana, jirani ya Lucky Summer na Korogocho. Alfajiri, waume na wake humiminika barabarani kwa miguu kuelekea kwenye malango ya viwanda, na jioni hurudi vivyo hivyo. Chumba chetu kilikuwa orofa ya tatu. Choo kilikuwa kimoja kwa nyumba sita, mwisho wa ujia usio na taa, na maji ya mfereji yalikuja mara mbili kwa wiki, aghalabu usiku wa manane. Siku nyinginezo tulinunua kwa mtungi wa lita 20. Shilingi 20 siku ya kawaida, na 50 pale mgao ulipokaza.

Nyumbani kwetu sikuwahi kupima maji. Kulikuwa na kisima uani na birika haikukauka. Baba Dogo ndiko nilikojifunza kuyahesabu: haya ya udhu, haya ya sufuria, haya ya nguo, haya ya choo. Kitu cha kwanza nilichopunguza, bila ya kujijua, kilikuwa maji ya kunywa. Na kwa kuwa sikupenda kupita ule ujia usiku, nikajizoesha kutogusa gilasi baada ya magharibi. Mchana nilikuwa nikishona katika karakana moja ambayo msimamizi wake alitufungulia mlango wa choo mara mbili kwa siku, saa nne na saa nane. Anayebanwa nje ya saa hizo alijikaza. Tulijikaza sote, na tukalifanyia mzaha.

Mwili wangu ulikataa mzaha huo mwaka wa pili. Siku hiyo haja ndogo ilinichoma kana kwamba nimemwagiwa pilipili, na baada ya dakika kumi nikahisi nimebanwa upya, nikaenda, yakatoka matone mawili matatu. Mkojo ulikuwa na ukungu na harufu isiyokuwa yake. Lililoniliza hasa lilikuwa swala. Tumefundishwa kwamba haipendezi mtu kusimama mbele ya Mola wake hali anashindana na haja, nami kila nilipohirimia nilijihisi nimebanwa. Nilitawadha mara tatu kwa ajili ya adhuhuri moja, na maji ya mtungi yakaisha kabla ya alasiri.

Nilikwenda kwenye duka la dawa lililo chini ya jengo letu. Kijana aliyekuwepo hakutaka mkojo wala maelezo marefu; alinifungia vidonge vya siku tatu katika karatasi. Nikapata nafuu. Baada ya wiki tano yakarudi, nikafungiwa vidonge vilevile. Ndani ya mwaka mmoja nilipata mara nne. Baadaye nilikuja kujua kwamba madaktari humhesabu mwanamke kuwa na maradhi yanayorudi akipatwa mara mbili katika miezi sita, au mara tatu kwa mwaka. Mimi nilikuwa nimeshapita kiwango hicho kwa vidonge vya kukisia.

Shangazi yake mume wangu alipopata habari aliniuliza, mbele ya watu, mume wangu hulala wapi usiku. Sikumjibu. Nilikwenda zangu jikoni nikalia. Ningelijua wakati ule ninalolijua leo, ningemjibu kwa adabu kwamba maradhi haya si ya zinaa. Vijidudu vinavyoyaleta, mara nyingi aina iitwayo E. koli, huishi katika utumbo wa kila mwanadamu, mchamungu na asiyekuwa. Ubaya ni vinapohamia mahali pasipo pao. Mrija unaotoa mkojo wa mwanamke una urefu wa takriban sentimita 4 tu, nao upo karibu na njia kubwa. Safari ya kufikia kibofu ni fupi sana ikilinganishwa na ya mwanamume. Ndiyo maana yakadiriwa nusu ya wanawake hupatwa angalau mara moja maishani. Hata faragha ya mke na mume, ambayo ni halali yao, husaidia kuvisukuma vijidudu hivyo, na kwa sababu hiyo wauguzi humshauri mke aende haja ndogo baadaye. Hakuna aibu katika jambo hili isipokuwa ile tuliyoipachika wenyewe.

Basi binti ya mama mdogo, anayeishi Toronto, aliponipigia simu nikamfungukia. Alicheka kidogo, si kwa kunicheka, akaniambia huko kwao kila mwanamke ana chupa ya kranberi katika kabati. Mwezi uliofuata, mtu aliyekuja likizo aliniletea chupa ya kapsuli nyekundu, imefungwa ndani ya kanga.

Kranberi ni tunda la Amerika ya Kaskazini, jekundu, lenye ukubwa wa kunazi, kali kiasi cha kukunja uso. Wenyeji wa asili wa nchi zile walilila na kulifanya dawa kabla ya wazungu kufika, na tangu mwaka 1816 limekuwa likipandwa mashambani katika jimbo la Massachusetts. Halioti kwetu. Hata juisi yake inayouzwa katika maduka makubwa ya Nairobi husafirishwa kutoka mbali, na kwa sababu ya ule ukali aghalabu huongezwa sukari nyingi na juisi za matunda mengine. Mwenye kisukari aisome chupa kabla ya kuinywa.

Kuna jambo jingine la kusoma katika chupa, nalo sikulisoma mimi ila mume wangu. Ganda la kapsuli nyingi hutengenezwa kwa jelatini, na jelatini yaweza kutoka kwa ng’ombe au kwa nguruwe. Zile zangu, alhamdulillahi, ziliandikwa kwamba ganda lake ni la mimea. Tusizimeze tu kwa kuwa zimetoka kwa jamaa.

Nilianza kumeza moja kila asubuhi. Binti ya mama mdogo alinisisitiza pia ninywe maji, nami nikaona haya kumwambia maji yenyewe nayanunua. Nikanunua mtungi mmoja zaidi kila siku mbili, nikawa nakwenda karakanani na chupa yangu. Nikamwomba msimamizi, kwa barua niliyoandikiwa na mume wangu, aniruhusu kutoka ninapobanwa. Alikunja uso lakini aliruhusu. Ikapita miezi minane sikuugua.

Hapo nikawa khatibu wa kranberi. Harusini, matangani, kwenye foleni ya maji, nilihubiri. Sikuwaambia watu habari ya maji wala ya ile barua, maana mambo hayo hayakuwa na uzuri wa kusimulia. Niliwaambia habari ya chupa. Dawa iliyotoka Toronto ndani ya kanga ina hadhi ambayo maji ya mtungi hayana.

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani wifi yangu aliponijia. Alikuwa na mimba ya miezi sita, ya kwanza, akiishi Lucky Summer, na alikuwa amefunga siku kumi mfululizo ingawa mwenye mimba ana ruhusa. Akaniambia mkojo unamchoma na kiuno kinamuuma upande mmoja. Alikuwa anataka kwenda kliniki siku ya pili. Nikamwambia asipoteze pesa na siku nzima ya foleni. Nikafungua chupa yangu, nikamhesabia kapsuli kumi na nne katika kipande cha gazeti, nikamwambia ameze mbili kwa siku, baada ya futari na kwenye daku. Nilijiona mtu mwema. Alinishukuru, akenda zake.

Usiku wa nne mumewe alitupigia simu. Tulimkuta anatetemeka meno yakigongana, mwili unawaka, hawezi kuguswa ubavu, na kila alichomeza alikitapika. Jirani mwenye teksi alituchukua hadi hospitali. Walipima mkojo, wakapima mapigo ya moyo wa mtoto, wakamlaza na kumtundikia dripu. Vijidudu vilikuwa vimepanda kutoka kibofuni hadi kwenye figo.

Muuguzi, mama wa makamo, alimuuliza dalili zilianza lini. Akasema siku tano nyuma. Akamuuliza mbona hakuja. Wifi yangu akamwambia alikuwa akimeza vidonge vya kranberi. Yule mama akaweka kalamu chini, akauliza nani aliyemwambia kwamba vidonge hivyo ni dawa. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika mkoba wake. Ulimi ukanikauka. Wifi yangu akanitazama mara moja, kisha akasema, “Mimi mwenyewe. Nilisoma katika simu.”

Alilazwa siku tano. Nilikwenda kila siku na uji, na kila siku nilikusudia kusema, nisiseme.

Ndipo nilipoanza kuuliza, jambo nililopaswa kulitanguliza. Daktari mmoja kijana alikuwa na subira ya kunieleza, na baadaye mume wangu alinisaidia kusoma. Nimejifunza kwamba chupa yangu haikuwa uongo. Makosa yalikuwa yangu, niliyoitumia kwa kazi isiyokuwa yake.

Vijidudu vya E. koli vina vinywele vidogo mno, visivyoonekana, ambavyo kwavyo hujishikiza katika kuta za njia ya mkojo ili mkojo usivisombe. Ndani ya kranberi mna viungo vinavyovizuia vinywele hivyo visishike. Kijidudu kisichoshika hutoka na mkojo. Basi tazama: kazi yote hiyo ni ya kuzuia, tena yahitaji mkojo wenyewe uwepo wa kusomba. Kijidudu kilichokwisha kushika, kikazaana, kikaanza kuchoma, hakishughulishwi na kranberi. Huyo hutolewa kwa antibayotiki iliyochaguliwa na mwenye ujuzi. Wifi yangu aliponijia alikuwa ameshaanza kuchomwa na kuumwa ubavu; wakati wa kuzuia ulikuwa umepita.

Wataalamu nao walibishana kwa miaka mingi. Taasisi ya Cochrane, ambayo kazi yake ni kukusanya tafiti za watu wote na kuzipima pamoja, ilitoa hukumu mwaka 2012 kwamba faida ya kranberi ni ndogo, pengine hakuna. Mwaka 2023 ikarejea suala hilo ikiwa na tafiti 50 na washiriki karibu 9,000, ikageuza hukumu yake: miongoni mwa wanawake ambao maradhi huwarudia, kranberi ilipunguza hatari kwa takriban robo, miongoni mwa watoto, kwa zaidi ya nusu. Napenda wanazuoni wanaoweza kusema tulikosea. Lakini katika maandishi hayo hayo mlikuwa na sentensi iliyonikaa kooni: kwa wanawake wajawazito, faida haikuonekana. Wala haikuonekana kwa wazee wanaotunzwa katika makazi, wala kwa wenye matatizo ya kukamua kibofu. Nilimpa mjamzito, tena aliyeugua tayari.

Mimba ni hali ya peke yake. Homoni hulegeza mirija inayotoka kwenye figo, na tumbo linapokua huibana, mkojo ukazembea njiani, vijidudu vikapata nafasi ya kupanda. Mwenye mimba aweza hata kuwa navyo bila ya kuchomwa. Hiyo ndiyo sababu wakunga hutuomba mkojo kliniki, ile chupa ndogo tunayoiona ni usumbufu na wengine wetu kuijaza maji kidogo kwa kuona haya. Maradhi yakifika figoni, huhofiwa mama, na huhofiwa mtoto kuzaliwa kabla ya wakati.

Nikamuuliza yule daktari habari ya vidonge vyangu vya kufungiwa katika karatasi. Akasikitika. Alinieleza kwamba dawa ikitolewa kwa kukisia, ikaachwa njiani, vijidudu vinavyobaki ni vile vigumu, na hivyo ndivyo vinavyozaana. Kulikuwa na utafiti mkubwa uitwao HATUA, uliofanywa Kenya, Tanzania na Uganda, uliochagua maradhi haya haya yetu ya mkojo ili kutazama usugu wa dawa, na Nairobi ilikuwa mojawapo ya mahali palipotazamwa. Usugu ulionekana kuwa mwingi. Mkojo wa wifi yangu ulioteshwa maabara kwa siku mbili ili ijulikane dawa gani itafanya kazi. Ile niliyokuwa nikifungiwa mimi mara nne, haikuwa miongoni mwazo.

Na maji? Hapa nacheka, kicheko cha mtu aliyekuwa akitafuta miwani iliyo usoni pake. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wanawake 140 waliokuwa wakipatwa mara kwa mara na ambao hawakuwa na desturi ya kunywa maji mengi. Nusu yao waliongezewa lita moja na nusu ya maji kila siku kwa muda wa mwaka. Waliobaki na desturi yao waliugua kwa wastani mara 3.2, walioongezewa maji, mara 1.7. Bibi yangu Kibokoni, mkojo ukimchoma mtu, alichemsha shayiri, akaichuja, akamlazimisha kunywa jagi zima. Wengine walinyweshwa madafu. Sisemi shayiri au dafu ni dawa. Nasema jagi lilikuwa na maji. Ile miezi yangu minane ya afya, sasa siwezi kusema ni kiasi gani ilitokana na kapsuli, kiasi gani na mtungi wa ziada, na kiasi gani na barua ya mume wangu. Nikilazimishwa kuapa, ningeutanguliza mtungi.

Lakini mtungi una bei, na hilo haliandikwi katika chupa za Toronto. Mwanamke wa Baba Dogo, au wa Majengo, au wa Kisauni, akiambiwa anywe maji mengi, huuliza ya nani, na choo kiko wapi. Chupa moja ya kapsuli kama zile ingenunua maji ya familia kwa zaidi ya wiki mbili. Naona ni halali kwa mwenye uwezo, na anayesumbuliwa mara kwa mara, kuitumia baada ya kumuuliza daktari, hasa akiwa anameza dawa ya kuyeyusha damu iitwayo wafarini, kwani wenye kuitumia hushauriwa kujiepusha nayo. Ila sioni haki kumwambia fundi cherehani anunue kranberi ilhali mwajiri wake amefunga choo.

Tuliwaambia wanawake wenzetu wa karakana. Tulikuwa kumi na mmoja. Tulikwenda pamoja kwa msimamizi, na tangu siku hiyo mlango wa choo hauna saa. Hilo ndilo tendo langu moja katika kisa hiki ninaloweza kulitaja bila ya kuinamisha kichwa. Usiku, sisi wenye nyumba sita tulichanga tukaweka taa katika ujia. Nyumbani, Ramadhani, naweka jagi mbele yangu kati ya futari na daku na halitoki mpaka liishe. Binti yangu wa miaka saba nimemfundisha kustanji kwa kuanzia mbele kwenda nyuma, kamwe si kinyume chake, na kutokaa na mkojo kwa ajili ya mchezo. Ameniuliza sababu nikamwambia, kwa majina yake. Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, nami sioni vipi haya imzuie binti yangu kuijua njia yake ya mkojo.

Mtoto wa wifi yangu alizaliwa wiki tano kabla ya wakati wake, wa kike, mdogo mithili ya mkate wa mofa. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu ya yale maradhi, wala hakusema kwamba sivyo. Alikaa hospitalini siku kumi na mbili. Sasa anatembea, na amejifunza kufungua vifuniko vya chupa zote za nyumba hii.

Mama mkwe wangu hajui hadi leo. Atajua Ijumaa, gazeti likifika. Kabla ya kulituma nilikwenda Lucky Summer nikamsomea wifi yangu andiko hili, mwanzo hadi mwisho, mlango umefungwa. Alisikiliza huku akichambua mchele, hakuinua macho. Nilipomaliza nikamwomba radhi, kwa mara ya kwanza kwa maneno. Akanyamaza kitambo, akapepeta, akatoa jiwe moja akalitupa.

“Zilikuwa kumi na sita,” akasema, “si kumi na nne. Sahihisha hapo.”